Gurudumu la Kamba

Kabla ya klabu palikuwa na viazi.
Mzee Hosken alilima hadi ukingo wa jabali,
na bahari ikawa inamla shamba hatua moja kila muongo
bila kumwandikia hati.
Mwaka wa thelathini na moja mwanawe alichoka,
akauza tuta baada ya tuta
kwa watu wa Birmingham waliotaka upepo wa kutibu vifua.
Walileta mabehewa mawili ya treni yaliyostaafu,
wakayatia mapazia, wakayaita nyumba.
Ndivyo Porthvean ilivyozaliwa:
viazi, kisha vikohozi.

Haya nayasoma katika daftari la klabu,
jalada la kijani, harufu ya ukungu na mafuta ya taa.
Mimi ndiye mwenye funguo siku hizi.
Nafagia mchanga unaorudi kabla sijauweka ufagio.

Agosti, hamsini na sita:
wageni watatu waliingia kuogelea, akatoka mmoja.
Usiku ule, nyuma ya kanisa la Kimethodisti,
watu kumi na wanne walichanga shilingi
na Denzil Tregear, fundi bomba, akachora kwa penseli
gurudumu, futi mia sita za kamba,
mshipi wa kiunoni, wanaume sita wa kuvuta.
Daftari linasema kamba ilikuwa ya katani, ya Tanganyika.

Hapo niliketi.
Babu yangu alikata mkonge Ngombezi, kwa kipande,
vidole vikakunjamana, havikukunjuka hata kaburini.
Sisemi ni mkonge wake.
Nasema tu niliketi.

Sitini na mbili: “Ombi la Bi. Loveday Angove kujiunga, limekataliwa.
Anakaribishwa kamati ya chai.”
Kurasa mbili mbele, mwandiko uleule wa katibu:
“Mtoto ameokolewa upande wa miamba.
Mwokoaji: mjumbe wa kamati ya chai.”
Nimeliandika jina pembeni, kwa wino.
Katibu wa sasa aliliona, akakohoa,
akaenda mwenyewe kuchemsha maji.

Gurudumu sasa limetundikwa ukutani,
watoto huanika taulo juu yake.
Na barabara ya Hosken, nyumba ishirini na nane,
Januari huwaka taa tisa.
Nyingine zina kisanduku cha namba mlangoni
kinachomlinda funguo asiyejua mwenyewe yuko London au wapi.
Walinzi wa ufuo huja kwa basi kutoka bara,
kwenye kodi wanazoziweza,
nao ndio wanaozijua bahari na ratiba ya basi
kwa kichwa.

Kerensa Bolitho, miaka kumi na sita, ndiye mwalimu wangu.
Nilimwambia kwetu tunasema
mfa maji haachi kutapatapa.
Alikunja uso, akapangusa pua kwa mkono wa suti ya mpira.
La, akasema. Mfa maji hunyamaza.
Husimama wima kama anayepanda ngazi isiyokuwepo,
mdomo sawa na maji, macho hayaombi kitu.
Anayepiga kelele bado ana pumzi.
Mtazame aliyetulia.

Tangu siku hiyo nawatazama watu kituoni,
kwenye foleni ya duka la dawa,
na mmoja nilimgusa bega, akashtuka,
tukaongea juu ya mvua mpaka basi likaja.

Jumapili niliingia hadi kifuani. Baridi ilinitoa jina.
Nikalala chali, mkono wa mtoto wa watu chini ya shingo yangu,
kisha mkono haukuwepo, na nikawa bado nipo.

Jioni nimejaza daftari:
upepo wa kusini-magharibi. Wimbi futi tatu.
Zamu, watu wanne. Waliookolewa, hakuna.

Hakuna. Nimerudi nyuma kurasa kwa kurasa,
hakuna, hakuna, miaka sitini na kitu,
kwa wino, kwa penseli, kwa mikono iliyokufa ganzi,
nikapoteza hesabu karibu na mwaka wa sabini na nne.
Hiyo ndiyo kazi yao yote waliyoifanya.